Kaunti ya Susu Edith

Kilonzo alinitumia ujumbe wa sauti asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe. Sauti yake haijabadilika. Bado anaongea kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. "Mumbua, tunakutana Jumamosi hapa Mwingi mjini, sisi wote tuliokuwa Doha. Uje na hotpoti yako ya muthokoi, na usituletee ile ya haraka haraka ya watu wa Nairobi." Nilicheka peke yangu. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kwetu Ukambani ukiyapika kwa haraka kila mtu atajua kwa kutafuna mara moja. Kisha sauti ya Kilonzo ikashuka kidogo. "Na nitaita majina kama zamani. Yote." Niliiweka simu juu ya meza nikaendelea kuchambua, lakini sikuwa naona tena lipi ni haragwe na lipi ni kokoto. Nilijua ni jina gani alilokuwa anazungumzia. Ni jina la mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, na ambapo, ukienda leo, utaambiwa hapapo.

Wanaoniuliza habari za Doha hutaka kusikia juu ya maghorofa na joto. Mimi nikiikumbuka Doha naona jikoni moja huko Umm Salal, kaskazini mwa mji, ndani ya kampaundi ya nyumba zilizofanana kama vikombe vya seti moja. Jikoni hiyo ilikuwa na meza ndefu nyeupe na dirisha lililotazama geti. Dirishani, kwenye kiti cha mbao, aliketi mwanamke mzee wa Kimarekani aliyevaa kofia ya majani, mkoba wa kahawia mapajani, mgongo wima. Ndivyo nilivyomkuta siku ya kwanza nilipokuja kumtunza, na nilidhani wanatoka. Niliuliza kama teksi imeshaitwa. Mwanawe, Daniel, aliyekuwa akifundisha uhandisi katika chuo kimoja pale mjini, alinivuta kando akasema kwa upole, "Hapana, hatoki. Hukaa hivyo kila siku." Jina lake lilikuwa Edith. Mimi nilimwita Susu, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Kikamba, naye alilipokea jina hilo kama mtu anayepokea shali siku ya baridi.

Huo ulikuwa mwaka wa 2012, na kilichokuwa kikimsumbua Susu Edith nilikijua mezani, jioni ile ile. Nilikuwa nimepika samaki na wali. Susu akamgeukia mwanawe. "Daniel, utanipeleka nyumbani lini?" "Nyumbani wapi, Mama?" "Princess Anne. Kaunti yetu." Daniel akaweka uma chini. "Mama, Kaunti ya Princess Anne haipo. Ilifutwa nikiwa mtoto mdogo." Susu akamtazama. "Imefutwa?" akasema. "Na hakuna aliyenijulisha?" Machozi yakamtoka, wala hakugusa tena samaki. Kesho yake jioni akauliza tena, akajibiwa tena, akalia upya, kwa sababu kwake habari ile ilikuwa mpya kila siku. Sitaki umhukumu Daniel. Alilelewa asimdanganye mzazi, na alikuwa akilitimiza hilo kwa uaminifu na kwa uchungu. Mimi nilijaribu njia yangu: Susu akiniuliza, nilimwambia, "Tutaenda kesho." Basi kesho yake alidamka mapema, akavaa soksi nzito na kofia, akaketi na mkoba hadi jua likazama. Mmoja wetu alimpa ukweli, mwingine alimpa uongo, na yote mawili yalimwacha pale pale dirishani.

Kisha ukaja Agosti. Mchana mmoja nilikuwa juu napiga pasi, na mlinzi wa geti alikuwa ameenda kuswali. Nilipokosa kusikia kiti kikisogea chini, nilishuka mbio. Nilimpata Susu kwenye raundabauti, ameketi ukingoni mwa barabara, uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Dereva mmoja wa lori la maji, Mpakistani, alikuwa amelisimamisha lori lake makusudi ili limtilie kivuli, na alikuwa akimmiminia maji kichwani huku akiomba kwa lugha yake. Hospitalini walimtundikia dripu. Daniel alisimama nami kwenye ukumbi akiangalia viatu vyake. "Mumbua, akitoka tena, sina budi. Kuna nyumba ya wazee huko Marekani. Milango yake hufunguliwa kwa namba tu." Nikamuuliza kama iko karibu na kwao. "Iko Arizona, karibu na dada yangu. Kwetu ni Virginia. Ni mbali sana." "Na huko Arizona, ukimtoa dada yako, kuna mtu anayemjua?" Akarudi ndani kuitazama dripu. Mlango unaofunguliwa kwa namba, kwa mtu asiyekumbuka chakula cha mchana, si mlango; ni ukuta. Nilirudi Umm Salal siku hiyo nikijua kwamba mara moja tu zaidi ya kutoka getini ingemaliza maisha yake jinsi alivyoyajua.

Kilichotusaidia hakikuwa werevu wangu. Kilikuwa mazoea. Sisi tukikutana ugenini, swali letu la kwanza ni kwenu wapi, na jibu la kwanza halitutoshi kamwe. Ukisema Mwingi, nitauliza Mwingi upande gani. Ukisema Migwani, nitauliza karibu na soko gani, mlivuka mto upi mkienda shule, mwalimu mkuu alikuwa nani, na hatuachi mpaka tufike mahali ambapo wote wawili tunaweza kufumba macho na kuuona mti mmoja. Asubuhi moja nilikuwa namenya viazi, Susu akasema kama kawaida, "Nataka kwenda Princess Anne." Nami, bila kufikiri, mikono imejaa maganda, nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza mtu yeyote: "Princess Anne upande gani?"

Aligeuka taratibu kutoka dirishani. "Pungo," akasema. "Pungo ukielekea wapi?" "Ukielekea Back Bay. Sisi tulikuwa upande wa maji." "Mlilima nini?" "Viazi. Mahindi. Nguruwe wachache. Udongo mweusi, Mumbua, mweusi kama kahawa." "Na hayo maji, ni ya chumvi?" Hapo ndipo aliponieleza habari za mabata bukini. Wakati wa baridi, alisema, ndege hao walishuka kutoka kaskazini wakatua kwenye ile ghuba mpaka maji hayaonekani, na siku waliporuka wote kwa pamoja mbingu iliondoka. Alitumia neno hilo: iliondoka. Baba yake, aliyekuwa msemaji sana, alikuwa akinyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, na kungoja. Wakishapita alimalizia neno lake kana kwamba hakuna lililotokea. Susu alisimulia hayo akiwa amesimama, mikono juu, na mimi nilisimama pia na kisu changu cha viazi, nikasikia mbawa hizo ndani ya jikoni ya Umm Salal. Alipomaliza alivua kofia, akaitundika kwenye kitasa cha kabati, akala viazi. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi mchana.

Tangu siku hiyo tulikuwa tunakwenda Princess Anne kila asubuhi. Nilijua duka la njia panda, nilijua mbwa wa jirani, nilijua jengo la mahakama la matofali walikokwenda watu kulipia mashamba. Lakini swali moja lilikuwa likinikereketa, na siku moja, nikikanda unga wa chapati, nililiuliza. "Susu, kaunti inafutwaje? Kwetu Kenya kaunti ndiyo kwanza zinakuja." Ulikuwa ukweli. Mwaka ule nchi yetu ilikuwa ikijiandaa kuacha mikoa na wilaya na kuingia kwenye kaunti. Redio na simu zilijaa neno hilo, na sisi tulilitamka kama jina la mtoto anayesubiriwa. Kwangu mimi kaunti ilikuwa kesho. Sikuwa nimefikiria kwamba mahali pengine ingeweza kuwa jana. Nilitarajia machozi ya mezani, lakini Susu alicheka. Kisha akanyoosha mkono akalichukua donge langu la unga.

"Tazama," akasema. "Hii ni Princess Anne. Ina zaidi ya miaka mia mbili. Huku kando kuna mji mkubwa, Norfolk. Kwetu Virginia mji hauko ndani ya kaunti. Uko nje yake, kama nchi mbili. Mji ukitaka kukua, unaenda mahakamani, unapewa kipande cha kaunti." Akamega. "Baada ya miaka michache, kingine." Akamega tena. Kila kipande kiliondoka na shule zake, watu wake na kodi zao. Donge likazidi kuwa dogo kiganjani mwake. "Tukajua mwisho tutakuwa makombo. Sasa, hapa ufukweni palikuwa na mji mdogo wa watalii, hivi." Akafinyanga kidonge. "Mji hauwezi kuumega mji. Basi tukapiga kura: kaunti nzima ijiunge na huu mji mdogo, tuwe mji mmoja." Akabandika donge kwenye kidonge. "Na jina?" nikauliza. "Jina lilibaki la ule mdogo. La kwetu likabaki nje." Alilitazama lile donge. "Ni mimi niliyeifuta, Mumbua. Nilipiga kura ya ndiyo." Na akaniambia kwamba siku ile ile ilipofutwa, kaunti ya jirani nayo ilifanya vivyo hivyo na mji wake mdogo, zikaondoka kwenye ramani pamoja, kama majirani wanaohama kwa lori moja.

Baadaye nilisoma, nikakuta ni kweli, na kwamba hawakuwa peke yao. Kona nzima ile ya Virginia ilifuta kaunti zake moja baada ya nyingine. Georgia kulikuwa na mbili zilizoshindwa kujilisha zikaingia kwa jirani tajiri. Tennessee kulikuwa na moja iliyopigiwa kura ikafa. Lakini siku ile sikuwa nimesoma kitu. Nilikuwa nimesimama na unga mikononi nikishangaa kwamba watu wazima, wenye akili timamu, wanaweza kuipenda nchi yao kiasi cha kulitoa jina lake ili waiokoe. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mipaka huchorwa na watu wa mbali. Hapa kulikuwa na aliyeshika kalamu mwenyewe, naye alikuwa akila viazi vyangu.

Ijumaa moja nilimwomba Daniel ruhusa nikaenda na Susu Mesaimeer, kwenye makanisa. Ijumaa ndiyo Jumapili ya Doha, na sisi wa Mwingi tulikuwa na desturi yetu baada ya ibada: tulikusanyika kwenye ukumbi mdogo, kila mtu na hotpoti yake, na kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa Kilonzo, aliyekuwa mlinzi wa hoteli na mwenyekiti wetu, aliita tarafa za nyumbani. "Migwani!" Watu wa Migwani wakaitika, "Tupo!" "Nuu!" "Tupo!" "Kyuso!" "Tupo!" Tarafa isiyo na mtu iliitwa hivyo hivyo, tukakaa kimya kidogo, tukaendelea. Siku hiyo alipomaliza akamwona Susu. "Na huyu mgeni wetu ni wa wapi?" Nikasema ni wa Kaunti ya Princess Anne, Marekani, lakini haipo tena. Kilonzo akakuna kidevu kwa mwiko. "Haipo, lakini mwenyewe si yupo hapa na sahani?" Akavuta pumzi. "Princess Anne!" Susu akashtuka. Nikamnong'oneza aseme tupo, maana yake sisi tuko hapa. "Lakini niko peke yangu," akasema. "Susu," Kilonzo akamjibu, "hapa hakuna peke yangu. Ona yule wa Tseikuru, yuko mmoja na anaitika kama kambi ya jeshi." Ukumbi ukacheka, na yule wa Tseikuru akasimama akapiga saluti. Susu akalitafuta neno. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyefungua kifuniko. "Tupo," akasema mwishowe. Kila Ijumaa alichukua muda huo huo, na kila Ijumaa Kilonzo alisimama na mwiko wake akangoja.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, hewa imeshapoa, nilipotoka kuanika nguo nikakuta kiti kitupu na kofia haipo. Nilikimbilia getini. Geti limefungwa vizuri, lakini mlinzi pia hayupo. Nilimpigia Daniel, naye akaja mbio kutoka chuoni, na alichosema garini kilikuwa kimoja tu: "Nitampigia dada yangu leo." Tulizunguka tukitafuta, tukawapata wote wawili nyuma ya kampaundi, kwenye shamba moja la mitende na mboga lenye bwawa la kumwagilia. Susu alikuwa ameketi juu ya kreti la nyanya lililogeuzwa. Kando yake alisimama Hamisi, mlinzi wetu, kijana wa Tanga, na sare yake yote, ule mkoba wa kahawia ukiwa umemning'inia mkononi kama wa kwake.

"Dada, usinigombeze kwanza, nisikilize," akaniambia kwa sauti ya chini. Ni yeye aliyekuwa amemfundisha Susu kujibu salamu. "Amekuja getini, nikamwambia shikamoo, akasema marahaba. Mtu mzima ameshakuitikia marahaba halafu anataka mlango, utamfungiaje? Nimuulize bibi unakwenda wapi, mimi ni nani? Nikafungua. Lakini kumwacha aende peke yake na mzigo, hilo nalo haliwezekani. Nikachukua mkoba." Daniel hakuelewa Kiswahili, na hakutaka kuelewa. "Nilikuagiza usifungue geti! Nilikwambia mara ngapi kwamba akito—" "Ssh, Daniel," Susu akasema bila kugeuka. "Utawarusha."

Ndipo nikaona bwawa. Lilikuwa limejaa mabata wa porini, wale wanaoshuka kutoka kaskazini wakati wa baridi, na sikuwa nimewahi kujua kwamba wanafika Doha. Wakaruka wote kwa pamoja. Sauti yao ilikuwa kama shuka kubwa linalopasuliwa, maji yakachemka, kivuli kikapita juu ya nyuso zetu, na Daniel alisimama mdomo wazi, neno lake limekatika katikati. Mama yake alimtazama mdomo ule, akatabasamu. "Babu yako," akasema.

Walipokwisha kupita, Daniel hakumalizia neno lake. Susu akaendelea pale alipokuwa amefika na Hamisi, aliyekuwa amemuuliza habari za kwao. "Nilikuwa namwambia huyu kijana kuhusu kura." "Kura gani, Mama?" "Ya kuifuta kaunti. Baba yako alipiga hapana. Mimi nilipiga ndiyo, wala sikumwambia mpaka akafa. Ulikuwa mdogo. Niliogopa ukue kwenye kipande kilichomegwa." Daniel alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini. Miaka yote alikuwa akimweleza mama yake kifo cha kaunti, kifo ambacho mama mwenyewe ndiye aliyekiridhia kwa ajili yake. Nilidhani atalia. Badala yake alinyanyua kichwa akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo: "Mama, nyumba yetu. Ilikuwa upande gani wa barabara?" "Wa maji," akasema Susu. "Upande wa maji, mwanangu. Njoo nikuonyeshe," na akaanza kuonyesha kwa kidole mitende ya Umm Salal, hapa duka, pale kanisa.

Dada yake hakupigiwa simu siku ile, wala baadaye. Jioni zilizofuata, mwenye shamba aliporidhia, tulikwenda bwawani, Susu na mimi, Hamisi akiwa mapumzikoni na mkoba mkononi, na mara nyingi Daniel akitangulia. Kofia ilivaliwa kwa safari hiyo, na safari hiyo ilikuwa inafika. Kama nawe unaye mzazi anayeuliza njia ya kwenda mahali pasipokuwepo, usijichoshe kumsahihisha wala kumdanganya. Muulize upande gani. Utashangaa jinsi alivyobeba mengi, na jinsi alivyokuwa akingoja mtu wa kumtua.

Machi iliyofuata kaunti zetu zikazaliwa, na wilaya ya Mwingi, iliyokuwa imetengwa na Kitui mimi nikiwa msichana, ikarudi ndani ya Kitui. Ijumaa moja ya mwezi huo Kilonzo alisimama na sura ya mazishi. Watu wa Kitui walikuwa na ukumbi mkubwa na walitukaribisha. "Hii maneno ya Mwingi imeisha," akasema. "Tusijidanganye. Twende tukaitwe Kitui." Wengine wakakubali, wengine wakaguna. Susu akanivuta mkono nimweleze, nikamweleza. Akasimama. "Mkijifuta, mimi nitaitwa na nani?" Kilonzo akashindwa kujizuia. "Lakini Susu, wewe ya kwako si uliifuta mwenyewe?" Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Ndiyo, na ningeifuta tena. Kura ni ya barabara, na maji, na shule. Nendeni Kitui mkapate maji. Lakini sisi tulipomaliza kupiga kura, kila mtu alikwenda nyumbani kwake akafunga mlango. Hakuna aliyetuambia kwamba tungeweza kuendelea kuitana." Tulihamia ukumbi mkubwa, na huko, kwenye kona yetu, tarafa za Mwingi ziliendelea kuitwa.

Susu Edith alifariki msimu wa baridi uliofuata, kitandani mwake, kofia ikiwa juu ya kitasa cha kabati jikoni. Daniel alimrudisha upande wa maji. Aliniletea picha ya kibao cha barabara cha kijani. Lile jina liliisha kwenye kaunti, lakini barabara bado inalo. Nyuma ya kibao kulikuwa na shamba la udongo mweusi kama kahawa.

Jumamosi nilifika Mwingi mjini na hotpoti yangu. Tumenenepa, tumepata mvi, watoto wetu walikuwa wanatuita wakati wa kupiga picha na hatusikii. Kilonzo alisimama mbele na mwiko. "Migwani!" "Tupo!" "Nuu!" "Tupo!" "Tseikuru!" na yule bwana akapiga saluti, ingawa siku hizi anatumia fimbo. Kisha Kilonzo akavuta pumzi. "Princess Anne!" Hakuinua macho wala hakuharakisha. Alisimama akangoja kama alivyokuwa akingoja, na ukumbi wote ukangoja naye, wakati ule mrefu wa mtu anayelitafuta neno, vifuniko vimefungwa, mvuke ukitoka pembeni. Wakati huo ulipotimia, nilisikia sauti ikiitika, na ilikuwa yangu.

"Tupo."

"Haya," akasema Kilonzo, akijipangusa uso kwa kiwiko. "Fungueni."